Nilisema ana miaka 18

Mdogo wangu simtaji jina hapa. Jina lake limeshapita midomoni mwa watu wengi wasiomjua, na mengi waliyoyasema yalianzia kwenye uongo mmoja nilioutoa mimi kwa kinywa changu. Wenyeji wa Goma watamtambua hata nikinyamaza. Hao nawaomba tu wasome mpaka mwisho. Ninaowaandikia hasa ni wale wenye mtoto nyumbani anayeimba, ambao wiki hii wameona video yake ikipita kwenye simu za watu wakasikia joto la furaha kifuani. Nalijua joto hilo. Kwa miezi minane sikuona kitu kingine.

Kwetu tuko watatu. Baba alikwenda machimboni Walikale mwaka 2006 na hatukumwona tena. Mama anauza vitenge soko la Virunga. Mimi nina kabini Katindo: parasoli, meza, kiti kimoja, nauza uniti na kufanya M-Pesa na Airtel Money. Mdogo wangu alizaliwa Agosti 2005, mimi nikiwa na miaka 12, na mgongo uliombeba zaidi ni wangu, kwa sababu Mama alikuwa sokoni tangu alfajiri.

Machi 2020, korona ilipofika Kongo, shule zilifungwa na makanisa pia. Yeye alikuwa wa kwaya ya watoto, na ghafla hakuna kwaya. Akawa anashinda nami kabini. Siku moja mchana, wateja hakuna, akageuza bidoni ya njano tunayochotea maji ziwani, akaanza kuipiga kwa viganja na kuimba wimbo aliotunga mwenyewe. Wimbo ulihusu bidoni hiyohiyo: inavyoshuka ziwani tupu ikiimba, inavyopanda imejaa imenyamaza, na mtoto aliye chini yake hana shingo. Goma tunakaa juu ya ziwa zima na bado maji tunayabeba kichwani, kwa hiyo kila aliyeusikia alijiona ndani yake. Nilirekodi kwa simu. Kidole changu kilifunika pembe ya picha. Dakika moja na nusu, basi.

Niliituma kwenye grupu la kwaya. Siku ya tatu ikanirudia kutoka kwa mteja nisiyemjua, wiki ya pili ikanirudia kutoka Bulaya. Watu wakaanza kuja kabini si kununua uniti bali kumtazama. Alikuwa na miaka 14.

Mtu mwenye studio alitufuata mwenyewe. Wakati huo kurekodi wimbo mmoja mjini kwetu nilikuwa nimeambiwa ni dola 60, na video nzuri dola 250. Yeye alisema hatuchaji kitu, tutagawana mbele ya safari. Akaleta mkataba wa kurasa mbili kwa Kifaransa cha kisheria. Ukurasa wa kwanza niliusoma nimekaa. Wa pili niliusoma nimesimama, mteja ananisubiri na simu mkononi, nikatia saini pale chini palipoandikwa meneja. Ukurasa huo wa pili ndio uliosema miaka mitano, na kwamba nyimbo zote pamoja na chaneli yake ya YouTube ni za studio. Chaneli ilifunguliwa kwa barua pepe ya studio. Neno la siri sikuwahi kulijua.

Wakili mmoja aliyekuwa mteja wangu alinieleza baadaye kwamba mimi sikuwa na haki ya kutia saini ile. Mtoto mdogo hajifungi kwa mkataba, na anayesimama kwa niaba yake ni mzazi au mlezi anayetambuliwa na sheria. Mama yetu alikuwa hai, yuko sokoni, mwendo wa pikipiki wa dakika kumi. Sikumwita kwa sababu nilijua angeuliza maswali. Kama kuna mkataba mezani na mtu anakuharakisha, uchukue nyumbani ulale nao. Mpe mtu anayejua Kifaransa cha sheria akusomee kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, na uulize mambo matatu: unaisha lini, chaneli ni ya barua pepe ya nani, na tukitaka kutoka tunatokaje. Mwenye nia njema hatakasirika ukisubiri wiki moja.

Kisha zikaja redio.

Sikujua kwamba kuhojiwa ni kazi yenye kanuni zake. Mtangazaji anauliza kwa sauti tamu, unajibu kama unavyomjibu jirani. Anasoma shule gani? Nikataja. Mnakaa wapi? Nikataja hadi mtaa, na mlango wetu wa bluu nikautaja. Anarudi saa ngapi kwaya? Nikataja. Wiki ileile vijana wakubwa walianza kusimama kwenye ukuta wetu wa mawe jioni, wanaimba ule wimbo, wanamwita. Mama alitoka na ufagio. Mimi nikaona ni mapenzi ya mashabiki.

Halafu kuna coupage. Msomaji wa mbali huenda halijui neno hili: ni pesa anayopewa mwandishi wa habari na yule anayeandikwa, inaitwa ya usafiri. Nasema bila kuwachukia, maana nawajua waandishi wanaofanya kazi miezi bila mshahara na wana watoto kama sisi. Lakini hesabu ni hesabu, na mimi ni mtu wa daftari. Kuanzia Julai hadi Oktoba 2020 nilitoa dola 185 za usafiri wa waandishi na kupokea dola 140 za kashe, yaani malipo ya kuimba. Tulikuwa tunalipa ili tuonekane tunafanikiwa. Na nilipopunguza kutoa, mmoja aliyekuwa akimwita mdogo wangu binti wa dhahabu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza hewani, mbona siku hizi ana maringo?

Pesa nyingine ilitoka kwa libanga, yaani kutupa jina la mtu ndani ya wimbo kwa malipo. Mfanyabiashara mmoja wa mafuta aliupenda wimbo wake wa pili, akatoa dola 100 jina lake litupwe ndani. Muziki wetu umejaa majina hayo, watu wazima wanayatupa na wanalipwa, sikuona ubaya. Mdogo wangu, ambaye huniita Yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu, aliuliza, “Yaya, nitamtaja kwa nini wakati wimbo unamhusu Mama?” Nikamwambia ataje tu, ni sekunde mbili. Akataja. Jina la mwanamume wa miaka karibu 50, mwenye gari, likatoka katika sauti ya mtoto wa miaka 15 na kukaa humo milele.

Nafika sasa kwenye uongo wenyewe.

Novemba 2020 hoteli moja ya Himbi, ile inayotazama ziwa, ilikuwa na tamasha la usiku. Kashe dola 150, nusu kabla. Nilikuwa na shida ambayo nyumbani hawakuijua: nilikuwa nimechota dola 120 kwenye floti ya kabini kulipia nguo na wacheza dansi wa video, na mwenye mtaji alikuwa anakuja kukagua mwisho wa mwezi. Mwandalizi aliniuliza kwenye simu kama binti ni mkubwa, kwa maana usiku hawaruhusu watoto. Nikasema ni mkubwa. Akasema basi tutangaze hivyo redioni, watu wasisumbue. Siku mbili kabla ya tamasha tulikaa studio, mdogo wangu kulia kwangu, vipokea sauti vimemzidi kichwa anavishika kwa mikono miwili. Mtangazaji akauliza umri. Mdogo wangu alifungua mdomo. Nikamwahi. “Ametimiza 18 mwezi wa nane.” Aliteremsha macho mezani.

Kwenye pikipiki wakati wa kurudi, amekaa katikati yangu na dereva, aligeuza shingo akaniambia sikioni, “Yaya, mbona umenizeesha?”

Nikamjibu, “Ni kazi.”

Usiku ule aliimba nyimbo nne. Kwenye wimbo wa tatu wanaume walianza kupanda jukwaani kumtunza, kama inavyofanyika, noti zinawekwa kwenye paji la uso. Kwa mtu mzima ni heshima. Yeye alirudi nyuma hatua moja, hatua mbili, akanitafuta kwa macho. Mimi nilikuwa chini karibu na spika, nikampungia mkono: kaa, kaa. Akakaa. Mmoja aliibandika noti na vidole vyake vikateremka hadi shavuni, havikuwa na haraka. Nimesimulia habari hii mara nyingi na kila mara nilikuwa nikiiruka sehemu hii.

Deni nililipa. Tarehe 18 Desemba nchi nzima ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku kwa ajili ya korona, kuanzia saa tatu usiku, na matamasha yakakauka. Nilidhani mapumziko yametujia tu kama baraka.

Machi 2021 ikatoka picha. Ukurasa mmoja wa Facebook wenye wafuasi wengi Goma uliweka mdogo wangu akishuka kwenye jeep ya yule mwenye libanga, mbele ya mlango wetu wa bluu. Maneno juu yake: sasa tumejua nani analipa studio. Picha ni ya kweli. Mvua ilitukuta Birere siku ile, yule mzee akatupa lifti, na mimi nilikuwa siti ya nyuma. Ukitazama pembe ya kushoto utaona kitambaa cha kijani na kiwiko. Kiwiko ni changu. Aliyekata picha alikata hapo.

Jioni ya kwanza yalikuwa maoni 40, asubuhi 600. Kilichotuua hasa hakikuwa matusi. Wapo watu wema walioandika kwamba huyu ni mtoto, muacheni. Wakajibiwa kwa sauti: mtu alikuwa amekata sekunde chache za mahojiano yetu ya Novemba. Mimi nasikika wazi, ametimiza 18 mwezi wa nane. Watetezi wake wakanyamaza mmoja mmoja. Wengine wakaandika, na bila ubaya wowote, kwamba kama ni mtu mzima basi ni maisha yake. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia juu ya kichwa cha mwingine.

Shuleni walimwita ofisini. Wakasema abaki nyumbani kwanza mpaka kelele zipungue, kwa heshima ya shule. Mama hakwenda sokoni siku sita, kwa sababu wanawake wa meza ya jirani walikuwa wakiinamisha simu akipita. Mdogo wangu hakulia mbele yetu. Alianza kulala na shuka limefunika kichwa, na sombe, mboga ya majani ya muhogo aliyoipenda, alikuwa anaigeuza kwa kidole mpaka inapoa. Siku moja aliniamsha saa kumi alfajiri. Anataka twende kuchota maji sasa hivi, kabla watu hawajatoka. Tukashuka ziwani gizani, mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, nyuma yetu unang’aa mwekundu mawinguni, tukajaza, tukapanda. Njia nzima hakusema neno. Yule aliyejulikana mji mzima kwa wimbo wa bidoni alikuwa anabeba bidoni usiku ili asionekane.

Makosa niliyoyafanya wiki zile nayataja ili mwingine asiyarudie. Kwanza nilijibu maoni. Nilikaa usiku mpaka saa nane nikijibu mtu mmoja mmoja, na kila jibu langu lilirudisha picha juu, wasioiona wakaiona. Pili nilimpigia mwenye ukurasa. Alitaka dola 50 aiondoe. Nikamtumia 30 kwa M-Pesa, akaiondoa, na siku ya tisa ikatokea kwenye ukurasa mwingine. Sasa nilikuwa nimewaonyesha kwamba tunalipa. Tatu, nilipoona imeondolewa nilifuta na nakala nilizokuwa nazo kwa hasira, nikabaki sina ushahidi hata mmoja.

Wakili yule mteja wangu alinikuta nimeinama kwenye meza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: “Cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi?”

Hatukuwa nacho. Kwetu wengi hatuna. Sheria ya ulinzi wa mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, inasema mtoto ni mtu wa chini ya miaka 18, na aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, bure. Mama alikuwa anajiuguza, Baba anafunga mizigo ya Walikale, siku 90 zikapita, na baada ya hapo nani anakumbuka? Mtoto akienda shule wanaandika umri unaoutaja. Akiimba redioni, wanaandika umri unaoutaja. Ndiyo maana neno langu lilikuwa na nguvu kama karatasi: hakukuwa na karatasi ya kulipinga.

Siku 90 zikishapita inabidi kupitia mahakamani, kutafuta hukumu inayochukua nafasi ya tamko la kuzaliwa, wenyewe wanaiita jugement supplétif. Tulianza Aprili. Tulipeleka kadi yake ya ubatizo, kadi ya chanjo iliyoliwa na panya pembeni lakini tarehe ilibaki, na mashahidi wawili waliokuwepo alipozaliwa. Baada ya hukumu kuna cheti kwamba hakuna aliyekata rufaa, ndipo unakwenda ofisi ya komini kuandikishwa. Kwetu, pamoja na safari na nakala na siku nilizofunga kabini, ilifika dola 94, na karatasi tuliipata Septemba. Nakuomba, wewe mwenye mtoto anayeimba, anayecheza mpira au anayeigiza: kabla ya studio, kabla ya picha, anza na karatasi hii.

Wakili alitusaidia pia kuandika barua ya haki ya kujibu kwa redio iliyoendelea kurusha ile sauti. Haki hiyo ipo kwenye sheria zetu za habari, na juu ya vyombo vya habari kuna baraza, CSAC, ambalo mtu anaweza kulipelekea malalamiko. Barua inakwenda nakala mbili. Moja unawaachia, ya pili wanaipiga muhuri na tarehe unarudi nayo. Ndani ya barua nilitakiwa niandike kwamba umri ule niliutaja mimi na haukuwa kweli. Niliandika mara nne, mara tatu za kwanza nikijaribu kuifanya ionekane ni kuteleza kwa ulimi. Wakili alizirudisha zote tatu. Redio waliacha kuirusha. Hawakuisoma barua yetu hewani, lakini waliacha.

Kesi ilikuwa haijasikilizwa mlima ulipopasuka. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, mbingu ikawa nyekundu yote, tukakimbia na watu wote. Lava ilisimama Buhene, ukingoni mwa mji. Tukarudi, ardhi ikaendelea kutetemeka usiku na mchana, na tarehe 27 tukaambiwa tuondoke. Tulipakia marobota ya vitenge vya Mama kwenye chukudu, skuta yetu ya mbao ya kusukuma mizigo, tukafuata umati kwenda Sake. Nani angekumbuka picha ya Facebook njiani mule? Kwa mara ya kwanza tangu Machi mdogo wangu alitembea mchana bila kuinamisha uso.

Tulilala darasani, familia nyingi, watoto wengi. Usiku ardhi ikitikisika watoto wanaanza kulia wote pamoja. Usiku wa pili yeye akavuta bidoni tupu, akaipiga polepole, akaimba. Hakuna aliyemwomba. Watoto walisogea mmoja mmoja mpaka wakamzunguka, na mdogo kabisa akalala na sikio lake juu ya bidoni.

Kuna aliyerekodi, bila shaka, na kuna ukurasa uliosema anatafuta jina kwenye msiba. Lakini siku mbili baadaye alifika mwandishi wa habari mwanamke, ameshika kinasa sauti kidogo, viatu vimejaa vumbi. Nilisimama kumpokea kama nilivyozoea. Akanisalimia vizuri, kisha akauliza, “Mama yake yuko wapi?” Nikamwita Mama. Akamweleza Mama anataka kurekodi nini, itarushwa lini, na kwamba hatataja shule wala mtaa. Mama alipokubali, akamgeukia mdogo wangu: “Na wewe unataka? Ukisema hapana naondoka tu, hakuna ubaya.”

Mdogo wangu alifikiri muda. Akasema wimbo arekodi, maswali hapana. Yule dada akarekodi wimbo, na kikohozi cha watoto ndani yake, akashukuru. Nilimpa dola tano za usafiri. Alizirudisha mkononi mwangu akafunga vidole vyangu juu yake. Mwaka mzima nilikuwa nikikaa mbele ya vipaza sauti bila kujua kwamba mtoto anaweza kuulizwa kama anataka, na kwamba jibu linaweza kuwa hapana.

Tuliporudi mjini Juni, Mama alichukua uongozi. Alisema hakuna tamasha wala redio mpaka mtoto arudi darasani na kucheka tena. Ilichukua mwaka na zaidi. Studio ilituachia baada ya vikao vingi ambavyo wakili alikaa nasi bila malipo: tulilipa dola 200 kwa awamu, tukaondoka na nyimbo tatu kati ya tano. Chaneli ilibaki kwao. Wimbo wa libanga uko humo na hatuna uwezo wa kuutoa.

Novemba 2021 nilikuwa kabini redio ikisema mahakama ya Los Angeles imemwondolea Britney Spears usimamizi aliokuwa chini yake tangu 2008, ambao kwa miaka mingi msimamizi wake alikuwa baba yake mzazi. Huyo alivuma akiwa na miaka 16. Niliacha mteja akasubiri. Nilianza kusoma habari za watoto wa namna hii usiku kwenye simu, na nikakutana na Jackie Coogan, mtoto Mmarekani aliyekuwa nyota wa sinema miaka ya 1920. Alipata mamilioni ya dola, na alipokuwa mtu mzima akakuta mama yake na baba wa kambo wameyatumia. Akawashtaki 1938, akapata kiasi kidogo tu, na mwaka uliofuata California ikatunga sheria ya kulinda kipato cha watoto kama yeye. Siku hizi huko asilimia 15 ya malipo ya mtoto inawekwa kando kwenye akaunti asiyoweza kuigusa mzazi. Nilifungua daftari langu la 2020. Kashe zote, kutunzwa kote, libanga: hapakuwa na mstari hata mmoja wenye jina lake. Kulikuwa na nguo, wacheza dansi, waandishi, floti. Hata viatu alivyopandia jukwaani nilikuwa nimeviazima.

Sasa daftari analo yeye. Kila kashe, gharama zikitoka, nusu inakwenda kwenye chama cha akiba kwa kitabu ambacho Mama anasaini naye, na nusu inayobaki tunakaa watatu kuisema. Mimi ninalipwa sehemu iliyoandikwa, kama mfanyakazi. Mwanzoni nilijisikia vibaya. Sasa naona ni afadhali, kwa sababu tukigombana juu ya sahani hatugombani juu ya pesa.

Alirudi kuimba taratibu, kwaya kwanza, kisha harusi za mchana. Agosti 2023 alitimiza 18. Siku hiyo hakutaka sherehe. Alitaka nimsindikize hadi duka la fotokopi, akatoa nakala kumi za cheti chake cha kuzaliwa, akaziweka kwenye bahasha ya plastiki pamoja na nyimbo zake zilizoandikwa kwa mkono. Akienda studio anaibeba. Mikataba anaisoma mwenyewe, polepole, na nimemwona akimrudishia mtu kalamu yake.

Kuhusu usiku wa Himbi tulizungumza mara moja tu, ziwani, tukisubiri bidoni zijae. Nilimwomba msamaha. Akaniambia anakumbuka mkono wangu ukipunga kuliko anavyowakumbuka wale wanaume. Kisha akainua bidoni yake tukapanda.

Ile sauti bado inazunguka. Wiki iliyopita mteja alinichezea kabini, hajui ni mimi, akiniuliza kama ni kweli. Huwa najibu vilevile kila inaponifikia, na sasa najibu hapa mahali pa wazi ambapo yeyote anaweza kunukuu. Sauti ni yangu. Umri niliutaja mimi, na ulikuwa uongo. Alikuwa na miaka 15.